Kipande cha Loisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe, rula ya chuma na hindi moja bichi, nikaambiwa nikate hewa.

Hayo yalikuwa maneno ya Fundi Mkuu, na Fundi Mkuu hakuwa mtu wa mzaha. Ilikuwa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika karakana ndogo iliyojificha nyuma ya ofisi moja ya kufundisha wakulima. Mimi nilikuwa msichana wa mtaa wa Tuwan, nimemaliza shule juzi juzi tu, nimevaa sketi ya kwendea kanisani, na nilidhani nitakalishwa mbele ya taipureta. Nikamuuliza, "Hewa inakatwa aje, Mzee?"

"Weka hilo hindi mezani. Haya, nionyeshe linaishia wapi."

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapo ndipo hewa inaanza. Ukiitoa hewa yote kwa kadibodi, hindi litabaki lenyewe. Usijifanye unatengeneza hindi, Njeri. Hindi lilitengenezwa na Mungu. Wewe toa hewa tu."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimeajiriwa na mwendawazimu. Mama akauliza kama huyo mwendawazimu ana chama cha wafanyakazi.

Nyinyi vijana mtaniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini, kwa sababu siku hizi mnabonyeza kitufe na mashine inakata. Basi chukua kiazi. Kikate slesi kwa urefu, moja baada ya nyingine, kisha uwaze kwamba umekikata tena kwa upana. Kila slesi ina umbo lake: za pembeni ni ndogo, za katikati ni kubwa. Sasa chora kila slesi kwenye kadibodi ngumu, uikate, uziunganishe za urefu na za upana zipitane kama nyuzi za mkeka. Utapata kiazi kilichosimama, kitupu ndani, ambacho mwanafunzi anaweza kuchungulia mpaka moyoni.

Vipande havikupigwa msumari wala kupakwa gundi. Vilishikana kwa mikato. Kipande kilichokatwa kuanzia juu mpaka nusu ya kimo tulikiita cha mgongo, na kilichokatwa kuanzia chini mpaka nusu tulikiita cha tumbo. Cha tumbo kinashuka juu ya cha mgongo, mikato inamezana, basi. Upana wa mkato uwe sawa na unene wa kadibodi. Ukizidisha, vipande vinacheza; ukipunguza, kadibodi inapasuka nawe unaanza upya. Mwezi wangu wa kwanza nilikata ng'ombe mzima, vipande vyote vya mgongo. Fundi Mkuu akavitazama vimelala mezani. "Huyu ng'ombe ana migongo thelathini na hana tumbo hata moja," akasema. "Atakula nini?" Nilianza upya.

Kadibodi ilitoka kiwandani Webuye kwa lori, na harufu yake ninayo puani mpaka leo, kama ugali ulioungulia kidogo. Mvua za Kitale za alasiri zilipoanza, kadibodi ilivimba na mikato ikakataa kuingia, kwa hiyo tuliianika kando ya jiko la makaa na kusubiri. Hapo ndipo nilipojifunza kukaa kimya. Mvua inapiga mabati, Fundi Mkuu anasinzia huku kofia imemfunika macho, nami namtazama ng'ombe wangu. Ukimtazama kutoka upande ambako vipande vimekupa makali, humwoni: ni mistari myembamba tu na mwanga kati yake. Sogea hatua moja, anatokea mzima. Rudi, anapotea. Niliweza kufanya hivyo saa nzima, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na jina lake.

Tulitengeneza ghala la mahindi, tumbo la ng'ombe lenye vyumba vinne, na mdudu anayetoboa shina la mhindi, mkubwa kuliko paka. Afisa wa Mafunzo, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuja kila Ijumaa kugusa kila kitu na kusema "Vizuri, vizuri." Siku moja aligusa mabega ya mdudu akasema kuna mradi wa maji huko Bungoma unaotaka mtu wa kukata milima. Jioni Fundi Mkuu alinifungia rula yake mwenyewe ya chuma ndani ya gazeti, akaniambia, "Mlima ni kiazi kikubwa. Usiuogope."

Basi nikahamia Bungoma, na miaka ya themanini ikaniishia huko. Mkubwa wangu mpya alikuwa Mhandisi wa Mradi, kijana mrefu asiyepiga kelele, mgeni wa milima kama mimi. Kazi ya mradi ilikuwa kuyatoa maji kwenye chemchemi, juu ubavuni mwa Mlima Elgon, na kuyateremsha kwa mabomba hadi vijiji vya chini bila pampu, kwa mteremko wa mlima tu. Katikati kulikuwa na kilima kirefu kilicholala kama ng'ombe. Bomba lingepita mahali pamoja tu, pale kilima kilipoinama na kufanya shingo. Kazi yangu ilikuwa kukikata kilima hicho kwa kadibodi ili wananchi waone njia ya maji kabla hawajashika majembe, maana mitaro walichimba wao wenyewe.

Vipimo vililetwa na mpimaji wetu, Wekesa, mtu wa huko huko Bungoma, mchangamfu, mwenye viatu vya raba mwaka mzima. Kila mstari wa vipimo aliuita kwa jina la mji, yaani boma la mtu, uliopitiwa na mstari huo: kwa Wafula, kwa Mwalimu, kwa Rosi, kwa Loisi. Vigingi vya namba watoto waling'oa, lakini mji wa mtu haung'olewi. Nami niliviita vipande vyangu majina hayo hayo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu sisi ni Wakikuyu tuliohamia Trans-Nzoia, na herufi l ilinikataa tangu utotoni. Shuleni nilichapwa kwa kusema "rara" badala ya "lala" mpaka ikaingia kwa nguvu. Wekesa naye, l na r kwake zilikuwa kama vikombe vya nyumba moja, anachukua kilicho karibu. Tulichekana kila siku. Mwaka huo mvua iliingia kwenye mkoba wake ikalowesha daftari. Tarakimu zikabaki, majina yakafutika. Kwa hiyo alikaa kwenye dirisha la ofisi akanisomea tarakimu, majina akiyatoa kichwani, nami nikaandika.

"Kwa Losi," akasema, akataja vipimo. Nikaandika: Loisi.

"Kwa Roisi," akasema. Nikaandika: Rosi.

Sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini nilikuwa nimeshapigana na l maisha yangu yote, na siku hiyo nilijiona bingwa, nikafuata herufi ya kwanza tu. Kesho yake Wekesa alitumwa upande mwingine wa wilaya, nami nikakata, nikavipanga vipande kwa mfuatano wa miji kwenye ramani ya ofisi.

Kilikuwa kilima kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukata. Mikato ilimezana bila kulazimishwa. Niliinua kipande kimoja kwa vidole viwili na kilima chote kikaja, jinsi Fundi Mkuu alivyotaka. Vipande vya upana nilivichora kwa vipimo vile vile, kwa hiyo vyote vilikubaliana. Kosa likikatwa vizuri linashikana sawa na ukweli, na hakuna aliyeniambia hivyo mapema.

Barazani tuliweka kilima juu ya meza ya shule. Kwenye kila mji nilichomeka kibendera cha karatasi chenye jina. Ukungu ulikuwa mzito, mahindi marefu kuliko watu, na kilima cha kweli hakikuonekana hata kidogo. Mhandisi alilaza uzi mwekundu kutoka kwenye chemchemi, ukapita shingoni, ukateremka hadi kwenye tangi. Watu wakapiga makofi. Mama Rosi mwenyewe hakuwepo, alikuwa sokoni Misikhu na ndizi zake. Wengi walitazama uzi tu; bendera walidhani ni mapambo.

Mama mmoja alisogea mpaka mezani. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta ya kiume, na mkononi alishika ngata ya majani ya mgomba, ile duara ya kuwekea debe kichwani. Akaweka kidole kwenye kibendera.

"Mwana wange, hii imeandikwa Loisi?"

"Ndiyo, Mama."

"Hapa ni kwangu?"

"Ni kwako, Mama."

"Na hii uzi ni maji."

"Ni maji. Yatapita karibu na mlango wako."

Kidole kilipanda kilima upande mmoja, kikashuka shingoni, kikatulia. Kisha akacheka, cheko dogo la ndani. "Sawa," akasema. "Kama nyinyi mumesema."

Nilidhani amefurahi. Na kweli alikuwa amefurahi.

Walichimba wiki tatu. Mama Loisi alikuwa mjane, na tangu aolewe alipanda kilima hicho na debe la maji kichwani kila siku iliyoumbwa. Sasa alikuwa akiwapikia uji wachimbaji, na kando ya mtaro akatengeneza matuta ya sukuma wiki, akayafunika kwa nyasi, yakingoja maji. Ofisini tuliletewa habari hizo na dereva, nami nikatembea siku nzima nikiimba.

Kisha tukaitwa baraza la pili, upande wa pili wa bonde. Wekesa alikuwa amerudi, kwa hiyo tulipanda lori pamoja, kilima changu kimefungwa kwenye blanketi mapajani mwangu. Tulishuka bondeni kungoja watu. Ukungu ukaanza kunyanyuka, polepole, kama mtu anayejifunua shuka asubuhi, na kwa mara ya kwanza nikakiona kilima cha kweli chote, kutoka mkia hadi kichwa. Nilifungua blanketi. Niliinua kilima changu mbele ya macho, nikakisogeza mpaka vipande vikanipa makali yake na mlima mwingine ukaonekana katikati ya mistari. Nikakigeuza kidogo ili kadibodi itokeze. Vilima viwili vilikataana. Pale changu kilipoinama, cha Mungu kilikuwa kimesimama.

"Wekesa," nikasema, "pale shingoni ni kwa nani?"

"Pale? Si ni kwa Losi."

"Loisi?"

"Losi, bana! Mama Losi, mwenye mabati mapya, anauza ndizi."

"Na kule juu kabisa, mgongoni?"

"Ah, kule ni kwa Roisi. Yule mama anapandanga na debe, masikini."

Nikakishusha kilima changu. "Sema Rosi."

"Losi."

"Sema Loisi."

"Roisi. Kwani unanifunza kusoma?"

Nilicheka. Naapa nilicheka, mpaka dereva akageuka kututazama. Kisha nikakaa chini kwenye umande na kilima changu, nikalia.

Mhandisi wa Mradi alisikiliza yote amesimama, mikono nyuma. Alichukua darubini yake ya kupimia, akapanda kule, akarudi ametota jasho. "Maji hayapandi mlima hata uyaandikie barua," akasema. Kuhusu pampu hakutaka hata kusikia. Nani angenunua dizeli? Bomba lingehamia kwa Rosi, ambako lilipaswa kwenda tangu mwanzo, na mtaro wa wiki tatu ungebaki mtaro. Nilimwomba anisaidie kumwambia Mama Loisi. Akatikisa kichwa. "Aliyekata kipande ndiye atakayekata maneno. Nenda wewe. Na Jumatatu niletee barua ya kujieleza."

Nikapanda. Nilikuwa na kazi ya kupoteza na kodi ya kulipa, lakini wallahi njia nzima nilikuwa nawaza matuta yale ya sukuma wiki. Nilikuwa kijana, na bado nilisimama mara nne kuvuta pumzi, nami nimebeba kilima cha kadibodi tu. Yeye alikuwa anapanda na debe.

Nilimkuta anamwagilia matuta kwa kikombe. Nikamwambia yote bila kupamba: Rosi, Loisi, daftari lililolowa, ujinga wangu wa kutouliza. Nikamwambia maji hayatafika kwake. Alimwaga kikombe hadi tone la mwisho, akakiweka chini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, Mama?"

"Mwana wange, hii mlima nimeipanda tangu niolewe. Magoti yangu inajua kuliko makaratasi yako."

"Mbona basi hukusema? Watu wamechimba wiki tatu!"

"Ati niseme nini? Mulikuja na vyuma, munachungulia na jicho moja, munaandika. Nikasema, labda hawa wameona kitu sisi hatuoni. Labda kuna dawa ya kushusha mlima. Wazungu walileta treni, si hata hiyo watu walikataa?" Akafuta mikono kwenye sweta. "Na tena, mimi niliona nyumba yangu iko chini. Tangu nije hapa sijaiona chini. Nikasema, wacha ikae hapo kidogo."

Nikalishusha blanketi lenye kilima changu kando ya matuta.

Akakitazama kilima kilicho kwenye blanketi. "Hiyo utapeleka wapi?"

"Nitaivunja, Mama. Nikate nyingine ya kweli."

"Ya kweli ninayo," akasema, akagonga ardhi kwa kisigino. "Hiyo niachie."

Nikamwachia. Katika barua yangu ya kujieleza niliandika kwamba mfano uliokosewa umeondolewa ofisini, na Mhandisi akasoma, akanitazama, akaiweka kwenye faili. Nilibaki kazini. Wachimbaji walitutukana na tulistahili. Walichimba tena, maji yakafika kwa Rosi siku ya jua kali, watoto wakaoga wakiwa na nguo zao zote. Mtaro wa zamani ulipandwa migomba. Kuanzia hapo Mama Loisi alichota kwa Rosi badala ya mtoni, njia ikawa fupi, lakini kilima kilikuwa kile kile, na debe lile lile.

Nilikata milima mingine mingi baada ya hapo. Miaka ya tisini ilikuja na wakubwa wengine, mmoja mkali, mmoja mlevi, mmoja mpenda maua, na wote walinikuta na tabia moja iliyowachosha: sikuandika jina la mji wowote mpaka aliyelisema anyooshe kidole nje ya dirisha, kisha nami nimsomee, kisha anisomee tena. Wekesa alilalamika. "Njeri, wewe unasumbua kama mwalimu wa darasa la kwanza." Lakini kwenye daftari lake nililokuta mezani siku anahama, kando ya Rosi alikuwa amechora ua, na kando ya Loisi debe.

Mwisho wa miaka hiyo wakapunguza wafanyakazi, nami nikapunguzwa. Walinipa barua na soda. Watu huniuliza kama nasikitika kwamba kazi yangu ilikuwa ya kadibodi, kitu cha kulowa na kutupwa. Sisikitiki. Bomba bado lipo, na hakuna anayekumbuka kilima cha karatasi kilicholionyesha njia, ndivyo inavyotakiwa. Kama nimewaachia neno moja vijana wa mashine, ni hili: kabla hujakata, muulize anayeishi pale, na akinyamaza, muulize tena, kwa sababu mtu hunyamaza kwa sababu nyingi. Mimi niliona cheko, nikaridhika.

Mwezi niliopunguzwa nilipanda kwa Mama Loisi. Sikuwa nimerudi tangu siku ile. Nilisimama kuvuta pumzi mara nyingi kuliko zamani, na nilipofika juu nilikuwa nimeshika kiuno kama bibi kizee. Yeye ndiye aliyekuwa bibi kizee. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, miguu imeacha kupanda na kushuka. Maji sasa yaliletwa na wajukuu. Nyuma yake, juu ya meza, niliona kilima changu. Kimekuwa cheusi kwa moshi, kibendera hakipo, na pale shingoni kadibodi inang'aa kwa kuguswaguswa. Hakuna kipande kilichokuwa kimelegea.

Nilipiga hodi, akanitambua kwa sauti. "Mulembe, mwana wange. Umekuja kuitengeneza?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kuona kwako."

Alinitazama nilivyosimama uani, nikihema. Kisha akatoa lile cheko lake la ndani, akanyoosha mkono kwenye vumbi kavu kati yangu na mlango.

"Basi karibu. Lakini vuka polepole, usiloweshe viatu. Maji inapita hapo."

Nikainua sketi kidogo, nikavuka.